Nyumba Ina Wenyewe

Wapenzi wa filamu za kutisha, ambao mchana ni watu wa heshima zao na hawajulikani kwa lolote mpaka taa zizimwe, wamegawanyika katika madhehebu mawili ambayo hayajapata kupatana, wala dalili ya suluhu mimi sijaiona. Madhehebu ya kwanza, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi na ndiyo yaliyojaza vibanda vya video tangu Lamu hadi Kisumu, yaamini kwamba hofu haithibiti mpaka damu imwagike, shoka lishuke, na kichwa cha mtu kibingirike ngazini mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio chake na isiyokubali kudhulumiwa. Madhehebu ya pili, ambayo mimi ni mfuasi wake mnyonge, hukinai kwa mlango uliofungwa, kwa hatua za mtu asiyeonekana, na kwa pazia linalotikisika katika chumba ambacho hakina upepo. Nasi huweza kukaa saa mbili kamili tukiitazama nyumba tupu, tusione kitu, kisha tukainuka na kukung'uta nguo zetu, tumeridhika kwamba tumetishwa kwa adabu.

Hoja yetu kubwa, tunapobishana na wale wa shoka, ni filamu ya The Haunting, aliyoitengeneza Robert Wise mwaka 1963 kutokana na riwaya ya Shirley Jackson iliyotoka mwaka 1959. Katika filamu ile, ambayo haina rangi ila nyeupe na nyeusi, watu wanne wanaingia katika kasri moja kuukuu kuchunguza kama kweli lina mzuka, na tangu mwanzo hata mwisho mzuka huo hauonekani hata ncha ya ukucha wake. Kinachoonekana ni mlango mzito wa mbao uliofungwa barabara, ambao kwa ghafla waanza kuvimba kuelekea ndani, ukarudi, ukavimba tena, na kilicho nyuma yake hatuambiwi leo wala hatutaambiwa kesho. Kuna mwanamke, Julie Harris, ambaye gizani ameushika mkono wa mwenzake kwa hofu, akilalamika kwamba mwenzake anamfinya mno, na taa zinapowaka amwona mwenzake huyo yuko mbali naye, mwisho wa chumba. Mkono ule ulikuwa wa nani? Bwana Wise hakusema, akaenda zake, na baada ya miaka miwili akatuletea The Sound of Music, wale watoto waimbao milimani, nami tangu nilipolijua jambo hilo siwezi kuwatazama watoto wale bila kuhesabu mikono yao. Mwaka 1999 akatokea Jan de Bont, akaitengeneza hadithi ile upya, akaita kompyuta zimsaidie kutuonyesha kila kilichokuwa kimefichwa. Wahakiki hawakuisaza, na sisi wa madhehebu ya pili hatujapata zawadi kubwa kuliko filamu ile mbovu, kwa kuwa siku hizi mtu akitubishia twamwambia tu akazitazame zote mbili.

Wako wasemao kwamba fani hii ni ya Wazungu, kwa kuwa wao ndio wenye makasri, ukungu, na vijakazi wa kofia nyeupe. Neno hilo silikubali. Karibu karne nzima kabla ya Bwana Wise kuzaliwa, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa visiwa vyetu hivi, alitunga Al-Inkishafi, na ndani yake akatutembeza katika majumba ya Pate baada ya dola ya Pate kufilisika, akatuonyesha madaka yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya kaure sasa yakilaliwa na makinda ya ndege, na pale palipokuwa na mazungumzo ya watu akaweka mlio wa bundi na mvumo wa wadudu. Ndani ya majumba yale hakumtia jini hata mmoja. Hakumhitaji. Bila shaka yeye alikusudia kuuasa moyo wake juu ya hadaa za dunia, hakukusudia kuniharibia mimi usingizi, walakini mimi sijaona mtengeneza filamu aliyemzidi kwa kujua kwamba nyumba yatisha kwa kile kilichoondoka, si kwa kile kilichoingia.

Na marehemu James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeanza kuufukua mji wa Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948, aliandika kwamba siku zake za mwanzo pale alijihisi kana kwamba yuko atazamaye kutoka nyuma ya kuta, ambaye si adui wala si rafiki, yuangoja tu. Lau angaliandika kwamba ameona jini lenye kwato, leo tungalimcheka pamoja na koleo lake. Lakini yeye aliandika kwamba ametazamwa, nami tangu nilipoisoma habari hiyo sina haja ya kupita Gedi baada ya alasiri. Sahibu yangu mmoja, aliyedhani kwamba hofu ya namna hii hupatikana kwa kufuatwa, alikwenda Takwa, magofu ya mji uliohamwa katika karne ya 17 huko kisiwani Manda, akakaa mpaka magharibi akingoja haiba ya mahali imshukie. Kilichomshukia ni mbu, kwa kuwa kijito cha mikoko kiendacho Takwa hakipitiki kwa mashua ila maji yakijaa, na maji hayakumngoja. Alirudi usiku wa manane, tope limempanda hadi magotini, na alipoulizwa kama ameona kitu alijibu kwa maneno ambayo hayaandikiki.

Mimi sina haja ya kwenda Takwa, maana nyumba tukaayo yatosha. Iko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, miongoni mwa zile nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo ndizo zilizoufanya mji wetu utiwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na ambazo mvua ikinyesha huwakumbusha wakazi wake kwamba urithi nao huvuja. Mpango wake ni ule wa kale: daka la nje lenye baraza za mawe, kisha tekani, kisha kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha misana miwili iliyofuatana, na mwisho kabisa ndani, chumba cha faragha kuliko vyote, ambamo bibi zetu walijifungulia na ambamo maiti zao zilioshwa, na ukuta wake umejaa zidaka zilizopangwa safu juu ya safu. Upana wa vyumba umeamuliwa na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuubeba uzito wa sakafu ya mawe zikizidi kiasi cha mita tatu. Kwa hiyo vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, na mtu akisimama ncha hii wakati wa jioni, habari za ncha ya pili huwa ni jambo la kuaminiana tu.

Katika nyumba ya namna hii mtoto hufunzwa mapema kutoa salamu aingiapo chumbani hata kama chumba hakina mtu, na kutomwaga maji ya moto sakafuni usiku pasipo kutanguliza bismillahi, kwa sababu nyumba ina wenyewe, nao pengine wana watoto. Hakuna akuambiaye wenyewe hao ni akina nani, wala haifai kuuliza. Nami nadhani hapo ndipo ilipo siri ya filamu zetu, na ndiyo sababu mtu wa Lamu huzielewa upesi kuliko anavyodhaniwa: filamu ya shoka humburura mwenye nyumba nje kabla hajavaa, ikammulika taa usoni, filamu ya madhehebu yetu yajua kwamba yupo, hukaa naye kwa staha, na haimkodolei macho.

Lakini filamu hizi zataka vitu viwili, nyumba kuukuu na kimya, na Lamu, ambayo imejaaliwa cha kwanza kwa wingi, haijapata kukiona cha pili.

Niliazima projekta kwa rafiki yangu mwalimu, nikawatangazia jamaa kwamba baada ya isha tutatazama The Haunting. Jamaa maana yake ni ami yangu na shangazi yangu, ndugu wawili waliorithi nyumba hii kwa mafungu ambayo kadhi mwenyewe alipumua alipomaliza kuyahesabu, pamoja na watoto wote wa mtaa, ambao hawakualikwa na hawajapata kungoja mwaliko. Ukuta mweupe wa kutosha haukuwapo ila ule wa ndani, wenye zidaka, na kwa kuwa chumba ni chembamba, ilitubidi tuiweke projekta msanani, itupe nuru yake kupitia mlangoni. Matokeo yake yalikuwa mawili, na Bwana Wise hakuyakusudia yote mawili. La kwanza, uso wa Julie Harris, kila ulipoletwa karibu, uligawanyika katika zidaka: jicho moja likaingia kidaka cha juu na kuzama, jicho la pili likabaki ukutani, na kidevu kikakaa peke yake kwenye kidaka cha birauli. La pili, kila apitaye kwenda kunywa maji alivuka katikati ya nuru, na kivuli chake kikaingia kasrini bila kualikwa, kikubwa kuliko milango, kikapita nyuma ya waigizaji na kutokomea. Na watoto, ambao hadi leo hawajui kwamba kile kivuli cha mwanamke aliyebeba kata hakimo katika filamu, wanakitaja kuwa ndipo palipotisha kupita pote.

Shangazi yangu hajui Kiingereza, na kazi ya kumfasiria iliniangukia mimi. Sijapata kufanya kazi ngumu kama ile. Filamu ya shoka ingenisamehe, kwa kuwa mtu akikimbia na mwenziwe akimfukuza hakuna la kufasiri. Lakini hapa kila dakika mtu alikuwa amesimama tu.

"Asema nini?"

"Hasemi, shangazi. Yuasikiliza."

"Asikiliza nini?"

"Haijulikani."

"Basi kama yeye hajui, naye ndiye aliye humo, mimi niliye Mkomani nitajuaje?"

Tukafika mahali pale ambapo wanawake wawili wamejifungia chumbani usiku na nje ukumbini kuna kitu kinachokuja kikigonga kuta, kishindo baada ya kishindo, mlango baada ya mlango. Hata watoto walinyamaza. Kishindo kikakaribia. Kilipougonga mlango wenyewe, shangazi, ambaye katika umri wake wote hajapata kusikia mlango ukibishwa akakaa kimya, akaitikia kwa sauti ya ukarimu iliyofika hadi kiwandani:

"Karibu!"

Sijui niieleze vipi hali ya chumba baada ya neno lile. Ami aliacha tasbihi yake ikaning'inia. Mtoto mmoja akajitia chini ya mkeka, wengine wakamfuata, mkeka ukainuka na kutembea.

"Shangazi," nikamwambia, "umemkaribisha?"

"Amebisha. Ningemwambiaje, mwanangu, arudi zake usiku huu?"

Na kutoka katika giza la tekani sauti nzito ya kiume ikajibu, "Asalaam alaykum."

Ilikuwa sauti ya dalali. Bwana huyu, ambaye jina lake nitalisitiri, alikuwa na ada ya kuja kumshawishi ami auze nyumba, kwa kuwa majumba ya kale ya Lamu na Shela yamekuwa yakinunuliwa na wageni kwa fedha ambazo husababisha ndugu wa damu wasalimiane kwa vichwa. Naye alikuwa amesimama dakani akibisha kwa muda, na vishindo vyake vimemezwa na vishindo vya kasrini, mpaka aliposikia akikaribishwa. Akapanda. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, na alipoingia msanani akasimama mbele ya projekta, ikawa filamu yote imehamia juu yake: ukumbi mrefu wa kasri ukanyooka kuanzia kifuani, na uso wa mwanamke mwenye hofu ukajikusanya tumboni, mzima, bila zidaka za kuugawa, ukageuka na kuangalia juu. Watoto waliochungulia kutoka chini ya mkeka wakapiga ukelele mmoja. Dalali akatazama wanachokitazama. Akaliona tumbo lake likipepesa macho.

Alishuka ngazi kwa namna ambayo ngazi za Lamu, zilizo nyembamba na zenye vipago visivyolingana, hazikujengewa. Kiatu chake kimoja kilibaki msanani. Shangazi alisikitika sana kwamba mgeni ameondoka bila hata kahawa.

Kufikia asubuhi, habari ilikuwa imekwisha teremka Usita wa Mui, ikafika Langoni, ikapanda mashua ya abiria hadi Shela, na kila ilipotua iliongezwa kipande: nyumba ile ina wenyewe, wamechoka kujificha, na wanawake wawili wameonekana, mmoja amebeba kata. Hapo mtu angetaraji nihuzunike, lakini ukweli ni kwamba nyumba yetu haijapata kuwa na raha kama miezi iliyofuata. Waazimao sufuria wakapungua. Watoto wa mtaa wakawa hawapandi ila kwa ruhusa. Dalali akawa apita upande wa pili wa kichochoro, na kwa kuwa kichochoro chenyewe ni cha upana wa punda mmoja na shogi zake, huo upande wa pili ulimbidi aupite kimbavumbavu.

Katika raha hiyo shangazi naye akaingia madhehebu, ingawa kwa mlango wake mwenyewe. Nilimwonyesha The Others ya Alejandro Amenábar, ya mwaka 2001, ambamo Nicole Kidman ni mama aishiye katika jumba kubwa katika kisiwa cha Jersey mwaka 1945, mapazia yamefungwa mchana kutwa kwa kuwa wanawe hawawezi kustahimili mwanga, na hakuna mlango unaofunguliwa kabla ya ule wa nyuma kufungwa kwa ufunguo. Nilidhani ataogopa. Alifurahi mno. "Huyu ndiye mwanamke," akasema, akaitazama filamu kwa macho ya mtu aliyetembelea ndugu mwenye uwezo, akiulizia bei ya kitambaa cha mapazia na kusifu jinsi watoto wanavyosomeshwa dini. Asiyeiona filamu hiyo na airuke sentensi inayofuata. Haikupata hata nusu, aliposema kwa utulivu, huku akimenya ndizi, kwamba mama yule na wanawe wamekufa zamani, kwa sababu siku zote hizi wako ndani na hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kuuliza hali, na mtu aliye hai haachwi hivyo.

Ami yeye hakutaka kusikia habari za Jersey wala za Amenábar. Kwake filamu za majumba zilianza na zikamalizika mwaka 1949 kwa Mahal ya Kamal Amrohi, na mimi, baada ya kuitazama kwa amri yake, nakiri kwamba hoja anayo. Ashok Kumar ahamia katika jumba lililoachwa ukingoni mwa mto, akuta picha ya mwenye jumba wa zamani ina sura yake yeye mwenyewe, na saa inapogonga mbili usiku asikia mwanamke akiimba kutoka mahali asipopaona. Sauti ile ni ya Lata Mangeshkar, aliyekuwa bado hana jina. Katika sahani za santuri za mwanzo mwimbaji aliandikwa kwa jina la yule mwanamke wa hadithini, Kamini, na wasikilizaji wakawa wanaiuliza redio ni nani huyo. Husimuliwa kwamba, ili sauti isikike kana kwamba yatoka mbali na yaja, walimwambia asimame kando ya chumba aimbe huku akitembea kuifuata mikrofoni. Mwisho wa hadithi yadhihiri kwamba mwimbaji si mzuka hata kidogo, ni binti wa mtunza bustani. Na bado mtu alalaye peke yake baada ya kuitazama hujikuta ayahesabu mapigo ya saa.

Athari ya Mahal katika nyumba yetu ilikuwa kwamba ami alianza kuimba. Huimba chooni, kwa kuwa ndiko sauti inakovuma vizuri, na huimba atakaposhikwa na haja, ambayo kwa mtu wa umri wake ni saa nane ya usiku. Na kwa kuwa nyumba yetu imeunganishwa na ya jirani kwa wikio juu ya kichochoro, sauti ya mzee ikiomboleza kwa Kihindi ilisafiri ndani ya kuta mpaka chumba cha wanawake wa jirani, ambao hawakuwa na habari za Kamal Amrohi.

Ikawa ndio wakati huo huo binamu yangu aishiye Nairobi amekuja likizo. Tulimpa heshima ya kulala ndani. Yeye ni mhasibu, haamini mizuka, na aliyaeleza hayo kwa kirefu wakati wa chakula. Usiku, aliposhuka usingizini, akasikia kutoka upande wa choo, karibu na kichwa chake, maji yakipigwa kofi mara moja. Kimya. Kisha tena. Alisema baadaye kwamba kilichomwondolea imani yake ya kihasibu si ile sauti, ni nafasi iliyokuwa kati ya sauti na sauti, kwa kuwa haikuwa na hesabu: mara ndefu, mara fupi, mara aliposema imekwisha ikarudi. Alitoka na shuka mwilini, akakutana msanani na ami aliyekuwa akienda kuimba, na kila mmoja wao akamwona mwenziwe kwanza kuliko alivyomtambua.

Tulipokwenda na tochi tukamkuta mwenye sauti yumo birikani. Ni samaki mdogo, ambaye kwa ada ya nyumba za Lamu hutiwa katika birika la choo ale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika letu, kama yalivyo mabirika ya zamani, imejengewa sahani ya kaure ili maji yakipungua apate pa kuponea. Huyu wetu alikuwa amekua kupita kiasi, na maji yalikuwa machache, kwa hiyo kila alipogeuka mkia wake ulipiga ukuta wa birika. Binamu yangu alimtazama kwa muda, kisha akasema kwamba mzuka angemvumilia, lakini nyumba ambayo mtu huoga akitazamwa ina mambo.

Nilimtuliza kwa habari ya Vic Tandy, mhandisi wa Coventry huko Uingereza, aliyeandika mwaka 1998 kwamba katika maabara alimokuwa akifanya kazi watu walikuwa wakishikwa na hofu isiyo na sababu, na yeye mwenyewe akaona kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho lake, mpaka siku moja alipokuta upanga wake wa mchezo ukitetemeka peke yake kwenye jiriwa na akafuatilia hata akaikuta feni iliyokuwa ikitoa mtetemo wa kiasi cha mara 19 kwa sekunde, chini kidogo ya kile kiwango cha 20 ambacho sikio la binadamu huanzia kusikia. Feni ikarekebishwa, mzuka ukahama. Binamu akauliza kama feni ile ilikuwa na macho, na kesho yake akahamia nyumba ya wageni pwani, ambako alilala vizuri karibu na jenereta.

Hayo yote yakamfikia dalali, vishindo, wimbo wa Kihindi, na mhasibu wa Nairobi aliyekimbia na shuka, naye ni mtu ambaye, ukiacha zile ngazi, hapotezi kitu bure. Alikuja asubuhi moja, mchana mweupe, amefuatana na Mzungu mmoja wa makamo, mpole, mwenye kofia ya ukili na daftari, ambaye ilibainika kwamba amekuwa akitafuta kote pwani nyumba ya namna hii hasa, na zile zenye kuta nzima na dari zisizovuja hazitaki. Wakaketi dakani. Ami akaagiza kahawa. Shangazi akakileta kile kiatu kimoja, kimefutwa vumbi, akakiweka miguuni pa mwenyewe bila neno.

Dalali akafasiri maswali ya mgeni wake: je, ni kweli kwamba nyumba ina mwenyewe? Ami yangu hasemi uongo, akasema ndiyo, yumo. Hukaa wapi? Chooni. Hutoka nyakati gani? Hasa usiku, maji yakiwa machache. Mgeni akauliza kama huonekana pia mwezi wa Desemba, msimu wa wageni, au ni wakati wa kusi tu. Ami akasema kwamba mwaka mzima yupo, hana pa kwenda. Mgeni akasogea mbele ya kiti, akashusha sauti, akauliza kama yuadhuru mtu.

"Hadhuru," akasema ami. "Ala viluwiluwi."

Dalali akafasiri. Mgeni akaliandika katika daftari lake, akalipigia mstari, na dalali akapandisha bei papo hapo.